Embe limegeuka kijani, chungwa linaelea: kutatua matatizo ya kuchora matunda kwa penseli za rangi

Mtu akiona mchoro wake wa matunda umekwenda kombo, wa kwanza kulaumiwa ni penseli. Anasema rangi ni hafifu, anashuka mjini kutafuta boksi kubwa zaidi, anarudi na rangi 36, na embe linatoka vilevile. Naliona jambo hili kwa vijana wengi wanaojifunza kuchora hapa Mwanza, na linaniuma, kwa sababu fedha ile ingenunua karatasi nzuri na matunda ya kuchora wiki nzima. Kasoro nyingi zinazoonekana kwenye rangi huwa zimeanza kabla rangi haijaguswa: kwenye mwanga ulioangukia sahani, au kwenye uzito wa mkono. Kwa hiyo ukitafuta chanzo, nenda kwa mpangilio huu: chunguza mwanga, kisha mkono, kisha karatasi, na penseli iwe ya mwisho.

Nimeanza na dalili ninazoulizwa zaidi.

Tunda limelala bapa

Embe lina rangi zake zote: njano tumboni, wekundu shavuni, kijani karibu na kikonyo. Lakini ukirudi nyuma hatua tatu, unaona kipande cha karatasi kilichobandikwa.

Hapo umebadilisha rangi bila kubadilisha kiwango cha giza. Kuna jaribio la dakika moja. Piga mchoro wako picha kwa simu, kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Fanya hivyo hivyo kwa embe lenyewe pale lilipo, halafu linganisha. Embe la mezani litakuwa na ngazi zinazoshuka kutoka weupe hadi karibu na weusi. La kwako litakuwa kijivu kimoja toka juu mpaka chini. Kama simu haina chaji, finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Rangi zitafifia, utabaki na mwanga na giza tu.

Tiba inaanza kabla ya njano. Chukua penseli moja ya kahawia au zambarau na, kwa mkono mwepesi, chora embe zima kwa mwanga na giza pekee. Tafuta mambo matano: doa la mng'ao, upande unaotazama dirisha, ukanda wa giza pale mwanga unapoishia, mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani, na kivuli kilichoanguka mezani. Huo mwanga unaorudi ndio wengi huusahau. Wanaweka giza kali kuliko lote kwenye ukingo wa tunda, kwa kuwa ndiko mbali zaidi na dirisha. Litazame embe vizuri: giza kali liko ndani kidogo ya ukingo, na ukingo wenyewe umepata mwanga mdogo uliodunda kutoka kwenye kitambaa. Uache ukanda huo mwembamba, na tunda litajaa palepale.

Doa la mng'ao libaki karatasi tupu tangu mwanzo. Penseli nyeupe haiwezi kurudisha weupe juu ya rangi iliyokwisha kulala; inaacha utando uliofifia tu.

Vivuli viwili, au kivuli kinachohama

Vivuli viwili vinavyopishana chini ya kila tunda maana yake una mianga miwili. Mara nyingi ni taa ya dari imewaka huku dirisha liko wazi. Zima taa. Nyumba za milimani, kuanzia Bugando hadi Igogo, zina chanzo kingine ambacho watu hawakishuku: bati la jirani wa chini. Jua likilipiga, mwanga unapanda na kuingia dirishani kutoka chini, na kama bati limepakwa bluu, tumbo la embe nalo linapata ubluu ambao hujui umetoka wapi. Wanaokaa karibu na maji wanapata mng'ao wa ziwa alasiri jua linapoelekea magharibi. Kipande cha kadibodi kikiziba nusu ya chini ya dirisha kinamaliza shida zote mbili.

Kivuli kinachohama ni suala la jua lenyewe, ambalo linasogea nyuzi 15 kila saa. Vitabu vya kuchora vilivyoandikwa Ulaya vinashauri dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii kwa upande huo. Ushauri huo ukiufuata Mwanza mwezi Juni, jua litakaa juu ya sahani yako. Sisi tuko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa hiyo kati ya Aprili na Septemba panga matunda kwenye dirisha la kusini, na kuanzia Oktoba hadi mapema Machi hamia la kaskazini. Kama chumba kina dirisha moja tu, na linatazama mashariki, chora alasiri. Likitazama magharibi, chora asubuhi.

Wanaopenda kuchora barazani wajue pia kwamba huku kwetu jua linafika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Wakati huo vivuli vinajikunja chini ya tunda na embe lote linakosa upande wa giza. Pumzika, kula, rudi saa tisa.

Usiku tumia taa moja ya mezani, iwe upande mmoja na juu kidogo ya matunda. Kama unachorea mkono wa kulia, taa itoke kushoto ili mkono usitie kivuli kwenye karatasi. Angalia na rangi ya taa: chini ya balbu ya mwanga wa njano, penseli ya njano karibu isionekane kwenye karatasi nyeupe, hivyo unaikandamiza, na asubuhi unakuta ndizi zinapiga kelele. Umeme ukikatika, usimalizie kwa tochi ya simu kutoka upande mwingine. Funika mchoro na ulale. Wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa wakikandamizwa kwenye karatasi huacha doa lisilofutika.

Njano imegeuka kijani kichafu

Hii inawapata wanaochora ndizi na maembe, na chanzo chake ni penseli nyeusi. Ukichanganya njano na nyeusi unapata kijani cha matope, hata penseli ziwe za bei gani. Bluu ya kivuli ikipita juu ya njano nayo inafanya hivyo hivyo.

Giza la njano lipatikane kwa ngazi: njano hafifu, njano iliyokolea, kisha kahawia ya udongo, na chini kabisa tabaka jembamba la zambarau. Zambarau na njano ni rangi pinzani. Zikilaliana zinapunguzana ukali na kuleta kahawia tulivu. Anza na zambarau, mkono mwepesi mno, ndipo njano ipite juu yake. Kanuni ni ileile kwa matunda mengine: wekundu wa tufaha utie giza kwa kijani, rangi ya chenza utie giza kwa bluu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, kwa sababu zambarau za makampuni tofauti hazilingani.

Chanzo cha pili ni kidogo na kinasumbua sana. Ncha ya njano ikipita juu ya rangi nyeusi inabeba unga wake, na mahali pengine inautandaza. Kila baada ya muda ifute ncha kwa kuichora pembeni kwenye karatasi chakavu mpaka itoe njano safi.

Kwa kuwa tuko kwenye ndizi: usizichore kama bomba. Ndizi ina pande, na kila upande una kiwango chake cha mwanga, na kati ya upande na upande kuna mgongo mwembamba ambapo njano inabadilika ghafla. Chukua ndizi moja kutoka kwenye chane na uizungushe polepole karibu na dirisha, utaona mgongo mmoja unawaka na jirani yake anazima. Ndizi zinazokuja kwa meli kutoka Bukoba zinafika na michubuko ya safari, mistari mifupi ya kahawia yenye ukingo mweusi. Iweke michache tu, ifuate mpindo wa ndizi. Hiyo itaonyesha umbo vizuri kuliko kivuli chochote.

Rangi ya chungwa ni kali kuliko ya lililoko mezani

Mchoro unapendeza, ila haufanani na kitu kilichopo mbele yako. Umechora chungwa la kichwani. Machungwa yetu, yakiwemo yanayovushwa kutoka Ukerewe, huiva yakiwa bado na kijani kwenye ganda. Ili ganda la chungwa lipoteze kijani chake linahitaji usiku wenye baridi, na baridi hiyo kando ya ziwa hatuna. Tunda ni tamu ndani, nje ni kijani chenye mabaka ya njano.

Toboa tundu la upana wa sentimita moja kwenye karatasi nyeupe, ulisogeze mbele ya jicho na utazame chungwa kupitia hapo, sehemu moja moja. Ukiona rangi peke yake, imetengwa na umbo la tunda, jicho linaacha kubishana nawe. Utakuta njano mbichi karibu na mng'ao, kijani cha majani ubavuni, kijani chenye ukahawia kwenye giza, na pengine wekundu kidogo ambako kitambaa kinarudisha rangi yake. Lalia tunda zima kwa njano hafifu, kijani kifuate kwa matabaka membamba, rangi kali ije mwisho, na pale tu ilipo.

Vitundu vya ganda usivitawanye kila mahali. Kwenye mwanga mkali havionekani, kwenye giza havionekani. Vinajitokeza kwenye ukanda wa katikati, na pembeni mwa mng'ao, ambapo vinaukatakata uwe madoa madogo badala ya doa moja safi.

Tunda linaelea

Sogeza jicho hadi pale tunda linapogusa meza. Kuna mstari mwembamba sana hapo, mweusi kuliko kitu kingine chochote kwenye mchoro, kwa sababu mwanga hauwezi kuingia. Mstari huo ukikosekana, tunda linapaa. Uweke kwa kahawia iliyokolea na bluu nzito kwa pamoja, ncha iwe kali.

Kisha angalia kivuli chenyewe. Wengi wanakijaza kijivu kimoja chenye ukingo mmoja. Kivuli karibu na tunda ni kizito na ukingo wake ni mkali. Kadiri kinavyokwenda mbali kinakuwa chepesi na ukingo unalainika. Ndani yake kuna rangi ya kitambaa, na karibu na tunda kuna rangi ya tunda. Chini ya nyanya kwenye kitambaa cheupe utaona wekundu kivulini. Uweke, hata kama unaona aibu.

Rangi imegoma kushika

Umefika katikati ya kazi na penseli inateleza. Kila unachoongeza kinakwangua kilichopo. Karatasi imeng'aa.

Penseli ya rangi ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa nta au mafuta. Unga huo unakaa kwenye vibonde vidogo vya karatasi. Ukikandamiza tangu tabaka la kwanza, vibonde vinajaa nta na hakuna nafasi iliyobaki. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina vibonde vichache sana, hivyo inajaa mapema. Manila laini nayo haivumilii matabaka mengi. Tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 150 au zaidi, ambayo ukiipapasa kwa kidole unasikia mkwaruzo mdogo.

Dawa kubwa ni mkono. Shika penseli nyuma, mbali na ncha, uiache ifanye kazi kwa uzito wake yenyewe. Tabaka la kwanza likiwa halionekani vizuri, uko sawa. Vuka mwelekeo kila tabaka: la kwanza likienda kushoto, la pili lipande juu. Matabaka sita mepesi yanatoa embe lenye kina ambalo tabaka moja la nguvu haliwezi kulitoa, na ukikosea unaweza kurudi nyuma.

Kama karatasi imeshajaa, chukua selotepu, iguse kwanza kwenye nguo ili ipungue gundi, ilaze juu ya sehemu hiyo bila kukandamiza, uisugue taratibu kwa mgongo wa kijiko, kisha uinue polepole. Inatoka na nta ya juu. Rudia mpaka karatasi ianze kushika tena. Raba ya kawaida hapo itapakaza tu.

Kinyume chake ni vitone vyeupe vinavyotokeza katikati ya rangi. Ncha yako ni butu au unachora kwa mistari mirefu. Chonga, na upite kwa viduara vidogo vinavyopandana. Mwishoni kabisa unaweza kukandamiza kwa penseli nyeupe au ya krimu ili kuviziba. Ukishafanya hivyo hakuna rangi nyingine itakayoingia, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho kweli. Nimesikia watu wanashauriana kulainisha rangi kwa mafuta ya taa. Yanayeyusha nta, ndiyo, na yanaacha harufu, doa la mafuta na hatari ya moto. Achana nayo.

Siku chache baadaye ukikuta ukungu mweupe juu ya sehemu za giza, hiyo ni nta iliyopanda juu. Inawapata zaidi wanaotumia penseli za nta, kwa mfano Prismacolor Premier, wakiwa wamekandamiza. Penseli za mafuta, kama Polychromos za Faber-Castell, hazina shida hiyo kwa kiwango hicho. Futa kwa kitambaa laini cha pamba na giza litarudi.

Sahani imepinda

Mdomo wa sahani ukitazamwa kwa pembeni ni duaradufu, na duaradufu haina kona. Ncha zake za kushoto na kulia ni mviringo mdogo, kamwe si ncha ya jani. Kama ni bakuli, duara la chini linaonekana nene zaidi kuliko la juu, kwa kuwa unalitazama kutoka juu zaidi. Geuza mchoro juu chini: kasoro itajitokeza yenyewe.

Nanasi limekuwa fujo

Nanasi linawatoa watu jasho, na ninawaelewa. Wanaanza na jicho moja pembeni, wanaongeza la pili, la tatu, na wakifika upande wa pili macho hayakutani.

Macho ya nanasi yanafuata mizunguko inayopanda kwa mshazari, kuelekea kulia na kuelekea kushoto. Hesabu kwenye nanasi halisi: kwa kawaida utapata mizunguko 8 upande mmoja na 13 upande mwingine. Chora kwanza umbo la jumla, kisha mistari hiyo ya mshazari kwa wepesi, ikijipinda kufuata unene wa tunda. Macho yanazaliwa yenyewe pale mistari inapokatana. Ya katikati yawe mapana, ya pembeni yawe membamba.

Halafu chagua. Kamilisha macho machache tu kwenye ukanda ambapo mwanga unakutana na giza: kila moja lina kijani pembezoni, njano ya kahawia katikati, na kijani-kijivu kwenye lile jani dogo kavu lililochomoza. Kwenye giza yadokeze tu kwa mabaka. Kabla ya kupaka shungi, pitisha kalamu ya bolpeni isiyo na wino kwenye mishipa ya majani machache; rangi ikipita juu, ile mikwaruzo iliyozama inabaki myeupe na majani yanapata ukakamavu wake.

Ncha zinakatika

Kama inakatika kila ukichonga, badilisha kichongeo kwanza. Makali yakichakaa yanapinda risasi badala ya kuikata. Zungusha penseli taratibu, au tumia wembe kukata mbao na umalizie ncha kwa msasa laini. Kama hata hivyo inakatika vipande, ilianguka sakafuni na imevunjika ndani kwa ndani. Penseli za nta zikiachwa kwenye gari juani huwa laini na zinakatika zikikandamizwa.

Matunda yameharibika kabla ya kumaliza

Kwa joto letu, ndizi mbivu zinabadilika kati ya jioni na asubuhi. Anza na kile kinachoharibika haraka: kipande cha tikiti au parachichi lililokatwa, kisha ndizi, halafu embe; ndimu, chungwa na nanasi vitakusubiri. Parachichi lipake maji ya ndimu lisiwe jeusi. Zungushia kila tunda alama ya chaki mezani, upige picha kutoka pale jicho lako lilipo, ili mtoto akichukua chungwa ujue lingine likae wapi. Picha ikusaidie mahali pa vitu tu. Rangi za vivuli simu inazipoteza, hizo zisome mezani.

Mchoro umefifia ukutani

Waridi na zambarau ndizo hutangulia kufa kwenye jua, hasa za penseli za shule. Tundika mchoro mbali na dirisha. Boksi za wasanii nyingi zina nyota au alama kwenye penseli kuonyesha zinavumilia mwanga kiasi gani. Za shule hazina, kwa hiyo zijaribu mwenyewe. Paka mstari wa kila rangi kwenye karatasi moja, funika nusu yake kwa kadibodi nzito, na uibandike kwenye dirisha linalopigwa na jua kwa miezi miwili. Rangi ambayo nusu iliyoachwa wazi imepauka, ibaki ya mazoezi, na mchoro wa kuuza au wa kumpa mtu utafutie nyingine.